Fransisko Ksaveri: Mwalimu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

1. Siku ya somo

Ndugu msomaji, kama unakaa Temeke, Mbagala, Kinondoni au Manzese, unaujua vizuri mwezi wa Desemba. Joto ni kali. Mvua za vuli zinanyesha. Maembe yamejaa sokoni. Katika makanisa mengi Wakristo wako katika kipindi cha Majilio. Majilio ni majuma ya kungojea Krismasi. Padre huvaa vazi la rangi ya zambarau. Mishumaa minne huwekwa kwenye shada la majani. Kila Jumapili mshumaa mmoja zaidi huwashwa.

Tarehe 3 Desemba, katika makanisa ya Katoliki, vazi la zambarau huwekwa kando. Padre huvaa vazi jeupe. Siku hiyo ni ukumbusho wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Ikiwa tarehe hiyo imeangukia Jumapili, Jumapili ya Majilio hutangulia.

Penye kanisa, kwaya au jumuiya yenye jina lake, siku hiyo si siku ya kawaida. Kwaya imefanya mazoezi kwa majuma mengi. Akina mama wamevaa sare za kitenge. Watu hupeleka altareni mchele, ndizi, mayai, hata kuku aliye hai. Vigelegele husikika mpaka barabarani. Baada ya Misa watoto hukaa kwenye mkeka na kula pilau.

Wakatoliki wa nchi yetu humwita mtakatifu wa namna hii somo. Neno hili unalijua. Somo ni mtu mnayeitwa jina moja. Huku pwani, somo ni pia yule mama anayemfunda mwari. Na darasani, somo ni lile jambo tunalojifunza. Ni neno moja lenye maana tatu.

Katika kurasa hizi utasoma habari za maisha ya Fransisko. Huna haja ya kuwa Mkristo ili uzisome. Mtu huyu alipita katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1542. Tena alikuwa mtu mzima aliyelazimika kuanza kujifunza upya, kama wewe. Alifanya mema mengi. Alifanya na makosa. Yote mawili tutayasoma.

2. Mtoto wa Navarre

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili, 1506. Alizaliwa katika ngome iliyoitwa Xavier. Ndiyo maana sisi tunamwita Ksaveri. Ngome hiyo ilikuwa katika nchi ndogo ya Navarre. Leo sehemu hiyo ni ya Hispania. Lugha ya watu wa kwao ilikuwa Kibaski.

Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika serikali ya mfalme wa Navarre. Lakini mwaka 1512 jeshi la Hispania liliingia na kuiteka nchi hiyo. Fransisko alikuwa na umri wa miaka sita. Mwaka 1515 baba yake alifariki dunia. Mwaka uliofuata ngome yao ilibomolewa kuta zake kwa amri ya watawala wapya. Mtoto huyu alikua akiona jinsi nyumba yenye heshima inavyoweza kuanguka.

Kaka zake walishika silaha. Fransisko alishika vitabu. Mwaka 1525 alikwenda kusoma katika mji wa Paris, Ufaransa. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa hodari wa masomo, tena hodari wa kuruka na kukimbia. Alitaka cheo na fedha ili airudishie familia yake heshima yake.

3. Mzee aliyekaa na watoto darasani

Mwaka 1529 alikuja mwanafunzi mpya katika chumba cha Fransisko. Jina lake lilikuwa Ignasi wa Loyola. Ignasi alikuwa mtu mzima. Alimzidi Fransisko miaka kama 15. Alikuwa akichechemea, maana alivunjika mguu vitani alipokuwa askari. Katika vita hivyo alipigana upande wa Hispania. Kaka zake Fransisko walikuwa upande wa pili.

Ignasi alichelewa kusoma. Alipokuwa na miaka 33 hivi alikaa darasani pamoja na watoto wadogo ili ajifunze Kilatini. Hakuona haya. Alijua anachokitafuta.

Mwanzoni Fransisko hakumtaka. Alimwona mtu wa ajabu, mwenye nguo duni na maneno mengi ya dini. Lakini Ignasi hakuchoka. Alimsaidia Fransisko alipokosa fedha. Alimtafutia wanafunzi alipoanza kufundisha. Polepole moyo wa kijana huyu ulibadilika. Aliacha kutafuta cheo.

Tarehe 15 Agosti, 1534 watu saba walikutana katika kikanisa kimoja kwenye kilima cha Montmartre, Paris. Ignasi alikuwamo, na Fransisko alikuwamo. Waliahidi kuishi maisha ya ufukara na kumtumikia Mungu. Kutokana na watu hao lilizaliwa Shirika la Yesu. Watu wake huitwa Wajesuiti. Fransisko akawa padre mwaka 1537.

4. Safari ya miezi 13

Wakati huo mfalme wa Ureno alihitaji mapadre wa kwenda India. Mtu mmoja alichaguliwa, lakini akaugua siku chache kabla ya kuondoka. Ignasi akamwomba Fransisko ashike nafasi yake. Fransisko hakuuliza maswali mengi. Alifunga mzigo wake mdogo akaondoka Rome, mwezi wa Machi, 1540.

Meli iliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili, 1541. Siku hiyo alitimiza miaka 35. Safari ya meli za matanga ilikuwa ya taabu. Chakula kilioza. Maji yalinuka. Watu walijazana kama dagaa, na wengi waliugua. Fransisko aliwahudumia wagonjwa na kuwafulia nguo zao. Kisha yeye mwenyewe akaugua.

Walipofika Kisiwa cha Msumbiji, upepo wa kuwapeleka India ulikuwa umekwisha kupita. Wewe wa pwani unajua kwamba kusi na kaskazi havingojei mtu. Iliwabidi kukaa hapo miezi kama sita. Fransisko alilala hospitalini pamoja na wagonjwa. Watu wengi wa meli walikufa na kuzikwa kisiwani.

5. Mzee wa Malindi

Mwanzoni mwa mwaka 1542 waliondoka Msumbiji na kuifuata pwani kuelekea kaskazini. Walitia nanga Malindi, katika nchi ya Kenya ya leo. Malindi ulikuwa mji wa Waislamu. Mtawala wake alikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498.

Mtu mmoja wa meli alifariki, akazikwa Malindi kwa taratibu za Kikristo. Wenyeji waliyatazama mazishi hayo. Waliyasifu kwa kuwa yalifanywa kwa heshima. Hadi leo Malindi kuna kikanisa kidogo cha zamani cha Wareno. Watu wanapokionyesha kwa wageni humtaja Fransisko Ksaveri.

Hapo Malindi Fransisko alizungumza na mzee mmoja mwenye kuheshimiwa. Mzee alikuwa na huzuni. Alimweleza kwamba mji ulikuwa na misikiti 17, lakini mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikitumika, tena kwa watu wachache. Alitaka kujua kama Wakristo nao wamepunguza kusali.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Watu wawili wa dini mbili walikuwa wakizungumza habari ya jambo moja lililowauma, yaani watu kumsahau Mungu. Walizungumza kwa muda, lakini hawakukubaliana juu ya sababu yake. Kila mmoja alibaki na imani yake. Fransisko aliandika habari hiyo katika barua kwa wenzake, na ndiyo maana tunaijua.

Fransisko hakuwa na Kiswahili. Hakukaa Malindi hata akakijua. Meli ilikwea tanga, ikapita kisiwa cha Socotra, ikafika Goa, India, tarehe 6 Mei, 1542.

6. Kengele mkononi

Huko Goa Fransisko aliwatembelea wagonjwa na wafungwa. Alitembea mitaani akipiga kengele ya mkono. Watoto na watumwa waliposikia kengele walimfuata. Aliwaimbisha mafundisho ya dini, maana jambo la kuimba halisahauliki upesi.

Baada ya miezi michache alikwenda kusini mwa India. Huko waliishi Waparava. Walikuwa wavuvi na wazamiaji wa lulu. Maelfu yao walikuwa wamebatizwa miaka michache kabla yake, walipotafuta ulinzi wa Wareno dhidi ya maadui zao. Lakini hakuna aliyewafundisha. Walijua tu kwamba wanaitwa Wakristo.

Waparava walisema Kitamil. Fransisko hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Kilatini chake cha Paris hakikumsaidia kitu mbele ya mvuvi.

Basi akafanya hivi. Aliwakusanya watu waliojua Kitamil na Kireno kidogo. Walikaa pamoja siku nyingi. Walitafuta maneno ya kutafsiri ishara ya msalaba, Baba Yetu, na Amri Kumi. Kisha Fransisko akayakariri maneno hayo yote kwa moyo, moja baada ya jingine. Alikuwa na miaka 36. Watoto wa wavuvi wakawa ndio wanaomsikiliza na kujua kama ametamka vizuri au vibaya.

Baada ya hapo alichukua kengele yake. Mara mbili kwa siku aliwakusanya watoto. Jumapili aliwakusanya wote, wanaume kwa wanawake. Aliwaagiza watoto wawafundishe wazazi wao na majirani. Alipoondoka kijijini aliacha maandishi ya mafundisho, na mtu wa kuyaendeleza. Alibatiza watu wengi hata mkono wake ukachoka.

Mwaka 1544 wavamizi waliwashambulia Waparava. Wengi walikimbilia kwenye miamba ya pwani, wakapata njaa na kiu. Fransisko alitafuta mashua na chakula ili awasaidie. Pia aliwalalamikia wakubwa wa Kireno waliowaonea wavuvi na kuwanyang'anya mali.

Tafsiri yake ya Kitamil ilikuwa na makosa. Padre mwingine, Henrique Henriques, aliyejifunza Kitamil kwa undani, aliyasahihisha baadaye. Mwaka 1578 padre huyo alichapa kitabu cha mafundisho kwa herufi za Kitamil. Kazi iliyoanzwa kwa kigugumizi ikafika kwenye kitabu.

7. Makosa yake

Mtu akiitwa mtakatifu si kwamba hakukosea. Fransisko aliishi katika wakati wa wafalme waliodhani kwamba imani inaweza kulindwa kwa nguvu. Naye alikuwa na mawazo hayo. Alifurahi watoto walipovunja sanamu za ibada za wazee wao. Mwaka 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba baraza la kuhukumu watu kwa ajili ya imani yao lianzishwe Goa.

Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1560, wakati Fransisko amekwisha kufa. Liliwafunga watu, likawatesa, na wengine waliuawa. Lilikuja kufutwa kabisa mwaka 1812. Watu wa Goa walioumia ni wengi. Haifai kulificha jambo hili. Mtu anayesifiwa altareni naye huacha deni, na wengine hulilipa.

8. Neno moja lililopotosha

Mwaka 1547, katika mji wa Malacca, Fransisko alikutana na Mjapani aliyeitwa Anjiro. Anjiro alikuwa ameikimbia nchi yake baada ya kuua mtu. Alibatizwa Goa akaitwa Paulo. Yeye ndiye aliyemwongoza Fransisko mpaka Japani. Walifika mji wa Kagoshima tarehe 15 Agosti, 1549.

Sasa Fransisko alikuwa na miaka 43. Ilimpasa kuanza tena, kama mtoto anayejifunza kusema. Anjiro alimsaidia kuandika mafundisho kwa Kijapani, lakini kwa herufi za Kilatini. Fransisko na mwenzake walisimama barabarani wakasoma kwa sauti. Watu wengine walisikiliza. Wengine waliwacheka, kwa kuwa matamshi yao yalikuwa mabaya. Hawakuacha.

Wakati wa baridi kali walitembea kwa miguu katika theluji ili wamwone mfalme mkuu katika mji wa Kyoto. Walikuta mji umeharibiwa na vita. Hawakupata ruhusa ya kumwona. Fransisko alijifunza jambo. Alipokwenda kwa mtawala wa Yamaguchi mwaka 1551, hakwenda tena na nguo zilizochakaa. Alivaa vizuri, akapeleka barua na zawadi kama desturi ya wenyeji. Miongoni mwa zawadi hizo ilikuwamo saa. Akapewa ruhusa ya kufundisha.

Lakini palikuwa na kosa ambalo hakulijua. Anjiro, ambaye hakuwa mtu wa elimu kubwa, alilitafsiri jina la Mungu kwa neno Dainichi. Fransisko alilitumia neno hilo kwa muda mrefu. Baadhi ya watawa wa Kibudha walimfurahia sana. Alipouliza na kuchunguza, aligundua sababu. Dainichi lilikuwa jina la Buddha mkuu wa madhehebu yao. Walidhani amekuja kufundisha dini yao wenyewe!

Fransisko angeweza kunyamaza ili asiaibike. Hakunyamaza. Alimtuma mwenzake barabarani kuwaambia watu waziwazi kwamba neno lile halifai. Tangu hapo walitumia neno la Kilatini, Deus.

9. Kibanda cha nyasi

Wajapani walimwuliza Fransisko swali gumu. Herufi zao na elimu yao nyingi vilitoka China. Kama mafundisho haya ni ya kweli, mbona Wachina hawayajui? Fransisko akaamua kwenda China.

Mwaka 1552 alifika kisiwa cha Sancian, karibu na pwani ya China. Wageni walikatazwa kuingia nchini humo bila ruhusa. Aliyekamatwa alitiwa gerezani. Mfanyabiashara mmoja Mchina alikubali kumvusha usiku kwa malipo ya pilipili manga nyingi. Siku waliyopatana ilipofika, mashua haikuja. Fransisko alitazama bahari kila siku. Mashua haikuja.

Wafanyabiashara wa Kireno waliondoka mmoja mmoja. Fransisko alibaki na watu wachache. Mmoja wao alikuwa kijana Mchina aliyeitwa Antonio. Alikuja awe mkalimani, lakini alikuwa amekaa Goa miaka mingi, akasahau sehemu kubwa ya Kichina chake. Lugha isiyotumiwa hupotea, hata ikiwa ni ya mama.

Mwishoni mwa Novemba Fransisko alishikwa na homa. Alilala katika kibanda cha nyasi, upepo wa baridi ukiingia. Antonio hakumwacha. Baadaye Antonio alieleza kwamba mgonjwa alisali kwa maneno ambayo yeye hakuyaelewa. Wengi husadiki kwamba kilikuwa Kibaski, lugha aliyoisikia kwa mama yake. Baada ya lugha zote alizohangaika nazo, alirudi kwenye ile ya kwanza.

Alifariki tarehe 3 Desemba, 1552. Alikuwa na miaka 46. Nchi ya China aliiona kwa mbali tu.

Mwili wake ulipelekwa Malacca, kisha Goa, na uko huko mpaka leo katika kanisa la Bom Jesus. Tarehe 12 Machi, 1622 Papa alimtangaza kuwa mtakatifu, siku moja na rafiki yake Ignasi. Mwaka 1927 aliwekwa kuwa msimamizi wa kazi za misioni duniani, pamoja na Mtakatifu Teresia wa Lisieux.

10. Somo kwetu

Ndugu msomaji, sasa unaona kwa nini sikukuu yake inafaa katika Majilio. Majilio ni wakati wa kungoja. Fransisko alikufa akingoja mashua.

Lakini hakungoja akiwa amekunja mikono. Kila alipofika alianza kwa kujifunza. Aliyesoma Paris alikubali kusahihishwa na watoto wa wavuvi. Alipochekwa, alirudia neno. Alipokosea, alisema amekosea. Na pale alipotaka kutumia nguvu badala ya kufundisha, kazi yake iliacha maumivu.

Nawe ulipoingia darasani kwa mara ya kwanza, huenda ulificha daftari ndani ya khanga au koti. Huenda jirani alikucheka, au mjukuu wako alikusahihisha herufi. Usione haya. Leo umesoma maisha ya mtu mzima kutoka mwanzo hadi mwisho kwa macho yako mwenyewe. Endelea kusoma kila siku, hata ukurasa mmoja. Ukiacha, utasahau kama Antonio.

Tarehe 3 Desemba, ukipita karibu na kanisa ukasikia kengele na vigelegele, utajua wanamkumbuka nani. Na mtoto wako akikuuliza, mweleze.

Maswali ya kujadiliana

1. Neno somo lina maana gani mahali unapoishi?
2. Mzee wa Malindi alikuwa na huzuni kwa sababu gani?
3. Fransisko alifanya nini ili aweze kuwafundisha Waparava?
4. Neno Dainichi lilileta tatizo gani? Je, umewahi kuona neno moja likileta kutoelewana katika kijiji au mtaa wako?
5. Ni jambo gani alilofanya Fransisko ambalo wewe hulikubali? Eleza sababu.
6. Waulize wazee wawili wa dini mbili tofauti jinsi wanavyosherehekea sikukuu zao. Andika sentensi tano juu ya uliyoyasikia.